Kidude Shingoni mwa Feni

Mtaani wanamwita mume wangu Gogo, na hawamsingizii. Akishakaa, amekaa. Ukimtuma chumvi, na duka liko ng'ambo ya barabara tu, atakuuliza kwanza kama chakula hakiliki hivyohivyo. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimnyeshea.

Ni fundi wa majokofu kwenye ghala la kugandishia nyama. Siku za kupakia mizigo ghala hujaa watu, lakini siku za matengenezo hubaki yeye na mashine zake, na mlinzi mmoja huko getini. Chumba cha baridi kina mlango mzito unaojifunga wenyewe, na kitasa chake cha ndani kilikuwa kimevunjika; humo simu nayo haishiki mtandao. Ukiingia, lazima uuzuie mlango kwa kreti. Gogo aliandika barua mara tatu kuomba kitasa. Baada ya barua ya tatu wakubwa wakakutana, wakanywa chai, wakamletea kidude.

"Huu ni mfumo wa kuwalinda wanaofanya kazi peke yao," alitangaza Mkuu wa Usalama, kavaa kofia ngumu ndani ya ukumbi wa mikutano, sijui alitarajia nini kimdondokee. Kidude kilikuwa cha kuvaa shingoni. Usipotikisika kwa dakika tatu kinapiga kelele, na watu wa kituo cha uangalizi wanapiga simu kuuliza kama uko hai. Sisi wa nyumbani tulipewa karatasi yenye namba ya kituo, tuibandike mahali pa wazi. Nikaibandika kwenye friji. Friji yenyewe ilikuwa imekufa miezi mitano, na mimi ndiye mke wa fundi.

Sasa, nusu ya kazi ya fundi huyu ni kulala chali chini ya mashine, kimya, akiisikiliza. Siku ya kwanza kidude kilipiga kelele mara kumi na moja. Kila mara alitambaa akatoka, akapokea simu, akajibu maswali saba, la mwisho likiwa kama anajisikia mpweke. Siku ya pili akakitundika kwenye feni ya chumba cha mashine, ile ya kusimama inayogeuza shingo huku na huku. Kidude kikawa kinabembea kutwa, na simu zikakoma. Mwisho wa mwezi wakamtumia cheti cha mfanyakazi mchangamfu. Alikileta nyumbani akicheka, nami, mjinga mwenzake, nikacheka.

Uangalizi wa kweli nilikuwa nao mimi. Kila siku saa saba mchana nampigia: umekula? Akisema bado namgombeza, basi, yamekwisha. Siku hiyo sikupiga. Tuliamka tukigombania ile friji, akaniambia nimwache apumue, nikamjibu atapumua mpaka achoke, maana simpigii tena. Saa saba ikafika, simu iko mkononi, nikanuna. Nikanuna saa nzima. Saa ile inaniuma mpaka leo.

Saa nane nikashindwa, nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena na tena. Nikaenda kwenye friji nikaisoma ile namba.

Alipokea mwanamume mwenye sauti laini, sauti ya mtu aliyekalia kiti cha kuzunguka.

"Ondoa shaka, mama. Namwona hapa kwenye skrini, alama yake ni ya kijani. Yuko salama kabisa. Tangu asubuhi ametembea kilomita kumi na mbili."

"Nani?"

"Mumeo, mama. Na bado anaendelea."

"Baba, mume wangu hajatembea kilomita kumi na mbili tangu anioe, hata ukizijumlisha zote! Tumeni mtu akamwangalie."

"Siwezi kutuma mtu kwa mfanyakazi wa kijani. Angekuwa mwekundu, sawa."

Nikauma ulimi. Nikisema ukweli, kazi imekwenda. Nikausema.

"Kidude kiko kwenye feni."

"Unasema ametundika kifaa cha kampuni kwenye feni? Mama, hilo ni kosa la kinidhamu. Usikate simu, nichukue fomu."

Nilikata. Nilipanda pikipiki na ndala zangu za jikoni, kanga moja kiunoni, na njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu na kumtukana Gogo kwa pumzi moja.

"Fundi? Sijamwona akitoka," mlinzi aliniambia pale getini. "Kwa hiyo yumo."

"Kuwamo ndiko kunakonileta!"

Akanifuata mbio. Kwenye chumba cha mashine feni ilikuwa ikigeuza shingo, kidude kinabembea, taa yake kijani. Chakula nilichomfungia asubuhi hakijaguswa. Huko ndani, mlango wa baridi ulikuwa umefungwa, na kreti imeteleza kando.

Tukavuta pamoja. Alikuwa anatembea. Mume wangu, Gogo, kope zimeganda, mikono kaibana makwapani, anaizunguka nyama na kuhesabu mizunguko. Ilibidi nimshike ndipo asimame.

"Nilijua u-ukinikosa utakuja," alisema, meno yakigongana. "Nikawa nasubiri saa saba. Le-leo hukupiga."

Nililia, huku namsugua.

Tukamkalisha chumba cha mashine, mlinzi akamvika koti lake, akaenda kutafuta gari. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Feni ilikuwa ikimpuliza, nikaizima. Dakika tatu baadaye kidude kikaanza kupiga kelele, na simu yangu ikaita.

"Mama," ilisema ile sauti laini, sasa imejaa hofu, "tuna wasiwasi. Mumeo hatikisiki!"

"Amekaa hapa. Yuko hai."

"Abonyeze kitufe kuthibitisha."

"Vidole havikunjiki."

"Bila kitufe siwezi kumwandika kuwa hai, mama."

"Niandikie kitasa. Kitasa cha mlango wa baridi, upande wa ndani."

"Vitasa si idara yetu. Kuna lingine la kukusaidia?"

Honi ya gari ikasikika nje. Nikakinyofoa kidude shingoni mwa feni, kinapiga kelele, taa nyekundu inawakawaka. Nikaenda nacho mpaka chumba cha baridi, nikakitupa katikati ya nyama, nikauachia mlango ujifunge. Nikatega sikio. Ule mlango ukishajifunga, ukiwa nje husikii kitu.