Maji ya Kuoshea Picha

Askari alimnyooshea Mwaisha fimbo. "Simama hapo hapo, mama! Hakuna kuvuka mpaka msafara upite."

Mwaisha akasimama kando ya njia ya Mkuyuni, mtungi kichwani. Mbele yake wapagazi walipita mmoja mmoja kuelekea milimani, wamejitwisha masanduku ya risasi, magunia ya unga, na vitanda vya Wadachi. Mwisho wa mstari haukuonekana. Tangu juzi mizinga ya Waingereza ilikuwa ikisikika upande wa Wami, na Wadachi walikuwa wakihama mji.

Aliushusha mtungi kwenye kivuli cha kichaka. Alikuwa ameuzungushia majani mabichi ya mgomba na kuyalowesha. Maji aliyateka alfajiri kule juu, chini ya mwamba usiofikiwa na jua, na kwa miaka minne kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuyafikisha kwa Mansukh mpiga picha kabla hayajapata joto. Maji ya mjini hayakufaa. Filamu, Mansukh alimweleza siku ya kwanza, imepakwa utando laini kama uji uliopoa, na picha imo ndani ya utando huo. Ukiiosha kwa maji yenye uvuguvugu, utando unabanduka. Siku hizi Mwaisha alipima mwenyewe kwa kiwiko: haya yanafaa, haya hayafai.

Leo alikuwa na haraka kuliko siku zote. Miezi mitatu nyuma, homa ilipomlaza, mwanawe Pazi ndiye aliyepeleka maji. Siku hiyo Mansukh alikuwa akitengeneza kamera ya afisa mmoja wa Kidachi, kamera ya kukunja, yenye kifuko cha ngozi kinachovutwa mbele kama kinanda cha mkono. Ngozi ilikuwa imetoboka kwenye mikunjo. Alipokwisha kuiziba kwa gundi na kitambaa cheusi, akataka kujua kama mwanga bado unapenya. Filamu iliyokuwamo ilibakiza picha moja, ya nane. "Pazi, kaa hapo mlangoni," alimwambia. "Usitikisike."

Wiki mbili baadaye Pazi akakamatwa sokoni Mkuyuni, akafungwa kamba pamoja na wenzake, akapelekwa kubeba mizigo ya vita. Hakuna aliyeweza kumwambia mama yake yuko wapi. Afisa alikuwa ameshaichukua kamera. Filamu ikabaki kabatini kwa Mansukh, maana dawa za picha zilikuwa zimekwisha na meli haziingii. Jana afisa alikuwa amerudi na dawa kidogo. Alitaka picha zake leo.

Mwaisha akawa anawatazama wapagazi usoni, mmoja baada ya mwingine. Hakumwona.

Kijana mmoja, wa kimo cha Pazi, akapunguza mwendo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Mama, nipe maji. Tone tu."

Akimpa huyu, na wa nyuma yake ataomba, na mtungi ni mmoja. Mwaisha aliufunika mdomo wa mtungi kwa viganja vyote viwili. "Haya si ya kunywa, mwanangu."

Kijana akamtazama. Fimbo ikamgusa mgongoni, akaenda zake. Waliomfuata walikuwa wameona; hakuna aliyeomba tena.

Jua likapanda, kivuli kikamhama. Mpagazi wa mwisho alipopita, majani ya mgomba yalikuwa yamekauka na kuanza kupasuka. Mwaisha alijua hata kabla ya kuchovya kiwiko. Akachovya hata hivyo.

"Umechelewa, Mama Pazi," Mansukh alisema mlangoni.

"Njia ilifungwa, bwana."

Mansukh akatia kidole mtungini, uso ukamshuka. Akamgeukia afisa aliyeketi barazani. "Bwana mkubwa, tungoje kesho alfajiri. Maji yamepata joto, na shabu ya kukazia utando sina."

"Kesho watakuwa hapa Waingereza," afisa alisema. "Fanya sasa."

Mwaisha hakuwahi kumsemesha Mdachi. Akapiga magoti. "Bwana mkubwa, narudi mlimani sasa hivi. Nitakimbia."

Afisa alikijua Kiswahili vizuri. Alitoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Ingia," Mansukh akamnong'oneza Mwaisha. "Angalau umwone."

Miaka yote minne hakuwahi kuingia chumba kile. Taa nyekundu ilimulika beseni, na Mansukh, ameshika ncha mbili za filamu, akawa anaishusha na kuipandisha ndani ya dawa. Vitu vikaanza kutokea, vyeupe vikiwa vyeusi, vyeusi vikiwa vyeupe: daraja, mbwa, mahema. Mwishoni akatokea mtu mlangoni. Kanzu yake ilikuwa nyeusi tii na uso wake unang'aa. Mwaisha alimtambua kwa bega la kushoto, lililoshuka kidogo kuliko la kulia.

"Ni yeye. Mbona kama anacheka?"

"Nilimwambia asitikisike, ndipo akacheka."

Mansukh akaihamishia filamu kwenye dawa ya pili, kisha kwenye maji ya Mwaisha. Pembeni utando ukaanza kukunjamana, kama ngozi ya juu ya maziwa ya moto.

"Mtoe, bwana! Mtoe!"

"Nikigusa ndiyo utang'oka wote."

Bega likasogea. Kanzu ikavutika upande. Uso ukateleza taratibu, ukaliacha bega, ukaanguka majini, na picha nyingine zote zikaufuata.

Afisa aliinua filamu kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa tupu, unaona miti upande wa pili. Alisema neno moja la kwao, akaitupa chini, akaondoka. Mansukh akaketi kizingitini, mikono ikimchuruzika maji.

Mwaisha alirudi chumbani kuchukua beseni la maji, kama ilivyokuwa kazi yake kila siku, kulimwaga kwenye mfereji nyuma ya duka. Ndani yake vipande vyeusi vilikuwa vikitua polepole. Kimoja kikubwa bado kilielea, laini, kikizunguka.

"Bwana Mansukh," aliita. "Haya niyamwage wapi?"



Mwaisha akabaki amesimama mlango wa nyuma, beseni amelikumbatia kifuani, akitembeza macho uani, na huku akiangalia lisiinamie upande wowote.