Msichana wa Katikati

Jumamosi asubuhi, katika soko la mji wa Nonthaburi, muuza samaki alikataa kumuuzia Toei kambare. Alikuwa amekwisha kumpima samaki na kumpasua tumbo, ndipo akainua macho akaona anamuuzia nani.

"Wewe ndiye Dao," akasema. "Ulimpiga kofi mtoto wa watu."

"Ile ni tamthilia, mama."

"Najua ni tamthilia. Mkono uliompiga ni wa nani?"

Toei akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umenyooshwa juu ya meza. Ulikuwa unaonyesha, kama kitambaa chepesi kilichofuliwa mara nyingi. Kupitia kiganja chake aliona barafu, na kwenye barafu aliona mashavu mekundu ya samaki. Muuza samaki naye aliyaona.

"Si unaona?" akasema. "Malipo ni hapa hapa." Akamgeukia mteja aliyefuata, akampa yule kambare.

Tamthilia yenyewe ilihusu wavulana wawili wa chuo, Thara na Lom, waliopendana. Toei aliigiza Dao, msichana aliyekuwa mpenzi wa Thara kwa miaka mitatu kabla Lom hajatokea. Katika sehemu ya kwanza Dao alicheka sana. Katika ya pili akaanza kuuliza maswali. Katika ya tatu akampiga Lom kofi kwenye mkahawa wa chuo, na kuanzia hapo nchi nzima ikamjua. Mtandaoni watu walimwita fisi na ganda la ndizi. Wengi waliandika neno moja tu: *atoweke*.

Nyumbani Toei alimwonyesha mdogo wake wa kike, Baitong, ule mkono. Baitong alikuwa amebandika picha za Thara na Lom juu ya kitanda chake.

"Hata wewe uliandika?"

"Kila mtu aliandika, dada," Baitong akasema. "Si wewe tuliyekuandika. Ni Dao."

"Mkono ni wangu."

"Basi vaa mikono mirefu."

Daktari naye alimshauri hivyohivyo. Alimuuliza kama anaigiza zile tamthilia za wavulana wanaopendana, Toei akakubali.

"Mpenzi wa zamani, au mchumba aliyeletwa na wazazi?"

"Mpenzi wa zamani."

"Basi huanzia mkononi. Wale wa wazazi huanzia usoni." Akamwandikia vidonge vya vitamini, akamwita mgonjwa mwingine.

Kufikia sehemu ya sita, mabega ya Toei yalikuwa yamekwisha kufifia. Mshona mavazi akaacha kupiga pasi mgongo wa nguo zake, kwani hata nguo zikishamkaa mwilini zilikuwa zinaonyesha pia. Hakuna aliyelalamika. Mpiga picha alisema kazi imekuwa rahisi.

Toei alimfuata Orathai, mwanamke aliyeandika tamthilia na kuiongoza. Alimkuta anakula wali na nyama ya kuchoma, amekaa juu ya sanduku la taa.

"Dada Orathai, naomba sentensi moja tu. Pale kwenye ngazi, kabla Dao hajaondoka."

"Ya kufanya nini? Alie?"

"Asilie. Amuulize Thara alijua tangu lini. Miaka mitatu alikaa naye. Ana haki ya kujua alikuwa anapendwa au alikuwa anatumiwa kama pazia."

Orathai alitafuna mpaka akamaliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabinti wawili.

"Sikiliza, mdogo wangu. Wanaotuangalia ni wanawake. Wanatoka kazini wamechoka, wanataka mapenzi ambayo hayawadai kitu. Mwanamke aliyeachwa wanamwona kila asubuhi kwenye kioo. Ukiwaletea mwingine, watamruka."

"Kwa hiyo nani atamuulizia?"

Orathai akafuta vidole. "Haya. Mara moja tu. Hatutarudia."

Wakaipiga jioni ileile. Thara alisimama ngazi ya juu, Lom ngazi ya chini, Toei katikati yao. Alimtazama Thara, akasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Ulijua tangu lini?" Kin, kijana aliyeigiza Thara, alifungua kinywa. Midomo ikamtetemeka. Kamera ilikuwa nyuma ya Toei. Orathai alipotazama picha, aliona uso wa Kin ukitetemeka kwa uchungu, moja kwa moja kupitia kifua cha msichana, ukimwelekea Lom. Akasema, "Nzuri sana."

Ijumaa sehemu hiyo ilirushwa. Toei alitoka jikoni na sahani ya saladi ya papai bichi, akasimama mbele ya runinga bila kukusudia. Baitong hakumwambia asogee. Ngazi zikatokea. Juu ya sauti ya Dao walikuwa wameweka muziki wa kinanda, ukaifunika. Baitong akajishika mashavu, machozi yakamtiririka.

"Jamani, wanavyotazamana!"

"Nilikuwa nasema kitu pale," Toei akasema.

"Pale wapi?"

"Kwenye ngazi."

Baitong akarudisha picha nyuma, akaangalia tena kwa makini, akalia tena palepale.

Simu ya Toei ikalia. Alikuwa Orathai. Tamthilia mpya inaanza, ya madaktari wawili, na kuna nafasi ya muuguzi anayempenda mmoja wao. Watu wa kampuni wamemtaja Toei wenyewe. Wanasema popote akisimama, hamzibi mtu.

"Anaitwa nani?" Toei akauliza.

"Nani?"

"Huyo muuguzi."

"Hatujampa jina. Chagua mwenyewe ukipenda."

Toei akasema atakwenda. Akakaa mkekani kando ya mdogo wake, wakala. Pilipili ilikuwa kali. Baitong aliiona ikishuka kooni mwa dada yake, nyekundu, kipande kwa kipande. Akamsogezea bilauri ya maji, kisha akarudisha nyuma tena.