Waya wa Redio ya Dorotea

Masele na mkewe Dorotea walikuwa na makubaliano. Mchana Masele afanye atakavyo: aifungue redio yao ya mbao, inayotumia betri, aitoe matumbo, aunganishe humo mashine yake ya sidii. Lakini jioni, kabla ya matangazo ya vifo, waya wa stesheni urudi mahali pake na redio iseme. Mama yake Dorotea, bibi Selina, alikuwa mgonjwa kwao kisiwani Ukerewe, na habari za kule hazikuwa na njia nyingine ya kufika Igoma upesi.

Mashine yenyewe Masele aliinunua sokoni Mirongo, juma lilelile alilopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wenzake waliopunguzwa naye walinunua cherehani, baiskeli, nyavu. Yeye akarudi na sanduku jeusi lenye droo mbele, lisilo na spika, pamoja na sahani moja inayong'aa kama kioo. Aliambiwa ni zima. Alipolichomeka nyumbani, droo ilitoka nusu, ikakoroma, ikagoma kurudi.

"Ngosha," Maige, jirani yao mshona viatu, alimwita Masele kwa Kisukuma, yaani mwanaume, "hiyo sahani utaipakulia ugali lini?"

"Siku utakayojifunza kula bila kuongea."

Watu wakacheka, lakini jina likabaki: Masele Sahani. Lilimchoma. Miaka yote kiwandani yeye ndiye aliyeitwa mota ikizima, na sasa alikuwa mtu wa kuchekwa na mshona viatu. Akaapa kwamba kitu hicho kitaimba, na Maige atakisikia akiwa kwake.

Basi akawa anashinda ukumbini, mgongo umepinda, amechoka kwa uchovu ambao hata usingizi hauutoi. Mkanda wa droo ulikuwa umelegea. Akakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Jicho la mashine, kile kilenzi kidogo kama tone la maji, lilikuwa na utando. Akalifuta kwa pamba na spiriti. Kwa kuwa mashine haikuwa na spika, ilibidi iazime ya redio. Akaukata waya unaopeleka sauti ya stesheni kwenye kitufe cha sauti, mahali pake akauchomelea waya wa sidii kwa risasi iliyoyeyushwa. Kwa hiyo redio ikawa na mdomo mmoja: ama stesheni, ama sidii. Swichi ya kuchagua angeitafuta siku moja.

"Hiyo siku moja yako imeshazeeka kunishinda mimi," Dorotea alisema.

Umeme ulikuwa wa mgawo. Ukiwepo, sahani ilizunguka, ikatoa vipande viwili vitatu vya gitaa, ikarukaruka, ikasimama. Jioni Masele aliitia pasi ya kuchomelea kwenye makaa, akarudisha waya, na Dorotea akakaa kusikiliza majina ya marehemu, mkono shavuni, hadi la mwisho. Jina la mama yake lisiposikika, alishusha pumzi, akaenda kusonga ugali. Kesho yake ikawa hivyohivyo.

Siku moja umeme ulirudi jua likiwa linateremka nyuma ya majabali. Masele akachukua bisibisi, akaigusa skrubu ndogo kuliko chawa iliyo kando ya jicho, akaizungusha kidogo tu. Sahani ikazunguka. Gitaa likaingia, halikuruka. Likaja besi, zikaja sauti za waimbaji, safi, hazina mkwaruzo hata mmoja.

Dorotea akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akakalia kigoda, na Masele akaona mabega ya mkewe yakishuka, kitu ambacho hakukiona tangu bibi Selina aanze kuugua.

Wimbo ukaendelea. Masele akatazama saa ya ukutani, akanyanyuka kuifuata pasi.

"Saa ya matangazo."

"Acha huu uishe kwanza."

"Tulikubaliana, Dorotea."

"Nimesema acha. Nimechoka kusikiliza wafu wa watu."

Akaacha. Ukaja wimbo wa pili, naye akaongeza sauti mpaka mwisho, mabati yakatetemeka. Maige na asikie. Walikula wakisikiliza, wakalala, na waya wa stesheni ukabaki ukining'inia ndani ya redio. Asubuhi matangazo yalipotolewa, Masele alikuwa bado amelala fofofo.

Jua lilikuwa limeshapanda alipoingia Bernadeta, mama wa nyumba ya pili, bila kupiga hodi.

"Shikamoo, mama," alisema Dorotea.

Bernadeta hakuitikia marahaba.

"Nimekuja kuwatazama kwa macho yangu watu wanaocheza rumba na mama yao yuko kwenye jeneza."

"Mama yupi?"

Yule mama akaweka kiganja mdomoni. Akamtazama Dorotea, akamtazama Masele, kisha akaiona redio mezani, imefunguliwa mgongo.

"Hamkusikia?" akauliza kwa sauti ndogo. "Jana jioni wametangaza, na leo asubuhi tena. Wamekutaja wewe na mumeo. Tukatoka na mikeka tuje kwenu, tukakuta muziki unapasua mabati. Maige akasema, hawa msiba wamegeuza sherehe, turudini."

"Mazishi lini?" akauliza Dorotea.

"Leo alasiri, mwanangu."

Meli ya Ukerewe ya siku hiyo ilikuwa imeshang'oa nanga, na nyingine haikuwepo.

"Kosa langu," alisema Masele.

"Mimi ndiye niliyesema acha," alijibu Dorotea, sauti kavu kama kuni. "Lakini usiku kucha waya ulikuwa wako kuurudisha."

Hakulia. Wanawake wakaanza kuingia na kanga zao, wakatandika mikeka, na kila aliyefungua kinywa kumpa pole alizuiwa kwa mkono.

"Msinipe pole. Sijasikia. Masele, rudisha redio yangu, nisikie mwenyewe."

Umeme ulikuwa umekatika tena. Masele akachochea makaa, akaizika pasi humo. Tone la risasi likadondoka gotini, likamuunguza, hakupangusa. Waya ulikuwa mfupi sasa kwa kukatwa na kuchomelewa mara nyingi, kila akiusogeza unaponyoka. Maige akaja, akachuchumaa, akaubana kwa koleo lake la viatu.

"Shika hapo hapo," alisema Masele.

"Nimeshika, ndugu yangu."

Neno sahani halikutajwa.

Redio ikakohoa, ikanguruma, ikasema. Matangazo ya mchana yalikuwa yameanza. Yakapita majina ya watu wa Geita, wa Tarime, wa Bukoba, na Dorotea akawasikiliza wote, mkono shavuni, wale wafu wa watu aliokuwa amewachoka. Kisha likaja la bibi Selina. Wakatajwa wanawe mmoja mmoja, popote walipo, mpaka akatajwa Dorotea, mke wa Masele, aliyeko Igoma, Mwanza.

"Nipo," Dorotea aliiambia redio. "Nipo hapa, mama."

Hapo ndipo kilio kilipomtoka, na wanawake wakakipokea. Masele akabaki amechuchumaa na pasi ya moto mkononi, asijue pa kuiweka.