Fundi Asiyetaka Kusimuliwa

Mtaa mzima ulimwita Sikio, na jina hilo alilivaa kama koti la sikukuu. Gari likiingia uani kwake, mwenye gari hakuruhusiwa kusema neno. Akianza tu, "Fundi, kuna kitu kinalia upande wa...", Sikio alimwinulia kiganja. "Usinisimulie! Washa, twende." Alikaa kiti cha nyuma, akafumba macho, wakazunguka mtaa. Wakirudi, alishajua kama ni beringi, mkanda au bomba la moshi lililolegea. Nati haikuguswa kabla ya hapo. Fundi anayefungua kwanza ndipo atafute, alisema, ni sawa na mtu anayebomoa ukuta kutafuta mlango.

Basi, mwaka huo vitu viwili vilimuudhi. Tangu afiwe na mkewe aliishi peke yake chumba cha nyuma ya gereji, na chai alijipikia mwenyewe. Birika lake la filimbi likaharibika: lilichemka mpaka likakaribia kukauka, mluzi hakuna. Akanunua jingine, nalo bovu vilevile! Alivilaani viwanda vya siku hizi vyote kwa pamoja. Halafu wale ndege wadogo waliokuwa wakimwamsha alfajiri kwenye mti wa uani, nao wakahama. Mara mojamoja wazo fulani lilimjia, akalifukuza kama mtu anavyofukuza kuku jikoni. Wazo hilo lilimtia hofu, huo ndio ukweli.

Asubuhi moja bintiye aliingia na kigari chake, cha kwanza maishani mwake. Alikuwa mkunga katika zahanati iliyo juu ya kilima. Alishuka, akapitia jikoni kuzima birika, kisha akamfuata babake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasemaje?"

"Tairi la mbele, baba. Linalia vibaya, na niki..."

"Usinisimulie!"

Binti akacheka. Alikua na neno hilo kama wengine wanavyokua na nyimbo za kubembelezwa. Akawasha, baba akakaa nyuma na kufumba macho.

Alisikia injini, iko sawa. Alisikia kokoto chini ya matairi, na mlango wa kushoto unaotikisika. Akangoja huo mlio. Wakamaliza mzunguko. "Tena," akasema. Wakazunguka tena, na kijasho kikaanza kumtoka. Hakuna kitu. Kule mbele kulikuwa kimya kama ukuta.

"Umesikia, baba?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilimfika mpaka mdomoni, akalimeza.

"Nimesikia. Vumbi tu hilo, limeingia kwenye breki." Akapuliza upepo kwenye ringi, akafuta kwa tambara, akaligonga tairi kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Afadhali," binti akasema, akamshika mkono. "Leo mchana nampeleka mama mmoja hospitali kubwa, mimba yake ina matatizo. Na ule mteremko unaujua. Ningeenda kwa fundi mwingine nisingekuwa na amani."

Maneno hayo yalimchoma, lakini alijikaza kisabuni, akasimama getini kumpungia.

Gari likatoka. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo akageuza shingo. Paka akaruka kutoka ukutani. Mshona viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara akakunja uso na kuziba sikio kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa na gundi. Wote walitazama mahali pamoja, kwenye tairi la mbele. Sikio alisikia injini ikienda zake, basi.

"Lo! Fundi mzima unaliachia gari linapiga makelele hivyo?" mshona viatu akamtania. "Au ndiyo yale, sikio la kufa halisikii dawa!"

Watu wakacheka. Naye angeweza kucheka nao, akajitia hamnazo, na jina lake likabaki salama. Lakini akilini akauona ule mteremko. Akamwona mwanawe akikanyaga breki.

Alikimbia. Kandambili moja ilibaki njiani, hakuirudia. Gari lilikuwa limesimama njia panda likingoja lori lipite. Akalipiga buti kwa viganja viwili.

"Zima! Zima hilo gari!"

"Baba, kuna nini?"

Watu walikuwa wameshasogea, mshona viatu naye na gundi yake. Sikio alihema.

"Sisikii, mwanangu. Hilo linalolia, sijalisikia hata mara moja. Nimekudanganya." Hakuna aliyecheka. "Niambie wewe. Linaliaje?"

Binti akazima gari, akashuka. "Linalia kwa sauti nyembamba, kama kijiko kinachokwaruza sahani. Tukitembea linalia. Nikikanyaga breki linanyamaza."

"Linanyamaza?"

"Ndivyo nilivyotaka kukwambia asubuhi. Ukaniinulia kiganja."

Wakalisukuma gari mpaka uani, mshona viatu akiwa wa kwanza kutia bega. Sikio akapiga jeki na kufungua tairi bila kusikia chochote, kwa mara ya kwanza tangu awe fundi. Pedi ya breki ilikuwa imelika, imebaki nyembamba kama ukucha. Kando yake kibati kidogo kilikuwa kikikwaruza diski.

"Kazi ya kibati hiki ni kupiga kelele pedi inapoisha," akasema. "Kimelia mpaka mtaa mzima umesikia. Kasoro mimi."

Alitia pedi mpya pande zote mbili, akajaribu breki mara tatu, kisha akaketi juu ya tairi kuukuu na kujifuta mikono. Aliona aibu, na wakati huohuo aliona nafuu. Binti akaja kukaa karibu yake.

"Birika nalo?" baba akauliza polepole.

"Linalia, baba. Asubuhi nililisikia tangu getini. Nikadhani uko bafuni."

Sikio akatikisa kichwa. Mabirika mawili mazima ameyatukana bure! Akainua macho kwenye mti wa uani, majani yakitikisika, na akachelewa kuuliza, kwa sababu hili liliuma kuliko lile la gari.

"Na ndege?"

Binti aligeuka, akasikiliza.

"Wapo, baba. Wengi tu. Hawajawahi kuhama."

Akafumba macho kama afanyavyo kwenye kiti cha nyuma.

"Nisimulie," akasema.