Pembe Iliyosafishwa

Mattea alinyoosha mkono kuchukua kisu cha kukunja cha marehemu mumewe akate jibini, na mkono ukaishia hewani. Kipini cha kisu, cha pembe ya kondoo dume, kilichokuwa na rangi ya asali tangu kabla mwanawe Gavino hajazaliwa, kilikuwa cheupe kama jino la bandia.

"Nimekusafishia, Mama," alisema Ilaria, mke wa Gavino, huku akitabasamu. Alikuwa mtu wa Novara, huko bara, na ndiyo kwanza anaanza kuizoea nyumba ile ya Pattada, kijiji cha wachungaji kisiwani. "Kilikuwa na uchafu huo! Nimekipiga msasa, nikamalizia na siki."

"Uchafu?"

"Ndiyo, mafutamafuta yameganda."

"Uchafu huo, bibi wee, ni mkono wa mume wangu."

Gavino aliinamia sahani yake. Kila mtoto wa mchungaji pale alijua kwamba pembe huanza nyeupe, halafu jasho, mafuta ya maziwa na moshi wa zizini huipaka rangi taratibu, na pale linapokaa dole gumba huiva kama chai iliyolala. Tangu mumewe, Bachisio, azikwe, kila jioni Mattea aliweka dole gumba lake juu ya alama ile ya mumewe. Makaburini hakuwa akienda. Bachisio wake alikuwa pale kwenye kipini.

"Hakujua, Mama," alisema Gavino.

"Na wewe uliyejua? Ulimi uliuweka rehani?"

Asubuhi Mattea alikipeleka kisu kwa Bustianu, fundi visu. Bustianu alikigeuzageuza, akasonya. "Rangi hii hairudi kwa dawa, Mattea. Inarudi kwa mkono, na mkono wenyewe tumeshauzika."

Ilaria naye hakukubali kushindwa, akazidi kuharibu. Alikichemsha kipini ndani ya kahawa. Kikatoka kahawia kotekote, sawasawa, kama kiatu cha askari, hakina pa dole wala pa kiganja.

"Tazama, Mama, kimerudi!"

Mattea angemzaba kofi, wallahi, kama mikono yake isingekuwa imejaa unga. "Tenda wema nenda zako, mwanangu," alimwambia. "Sasa nenda."

Jumapili, mezani, Mattea alikisukuma kisu hadi mbele ya mkwewe. "Chukua. Nakupa."

Ilaria alilengwalengwa na machozi ya furaha. Jambo moja Gavino alikuwa amemfundisha: Pattada kisu hakipokelewi bure. Anayepewa hutoa sarafu, hata ndogo, ionekane kama amenunua. Bila hivyo, kisu hukata kilichopo kati ya mtoaji na mpokeaji. Akachomoa sarafu, akamnyooshea mama mkwe.

Mattea aliitazama, kisha akamfumba Ilaria vidole, sarafu ikiwa ndani.

"Baki nayo."

"Lakini Mama, si ni desturi?"

"Unanifundisha mimi desturi?"

Gavino alisimama, uso umemshuka. "Mama, ipokee."

"Sipokei."

"Ipokee, nakuomba!"

"Kaa ule, nyama inapoa."

Hakukaa. Alikikunja kisu, akakitia mfukoni, akamshika mkewe mkono. "Mimi na huyu ni kitu kimoja, Mama. Ukimkata yeye umenikata na mimi."

Walifungasha mchana uleule. Mattea alisikia masanduku yakiburutwa, akasikia Ilaria akilia ngazini, na moyo ukamwambia inuka, mwite mwanao. Kiburi kikamkalia shingoni. Hasira hasara, hilo alilijua tangu utotoni, na bado hakuinuka. Gari likawaka, likashuka mlima.

Jibini ilikuwa bado nzima mezani. Mattea alifungua droo, akatoa kisu cha jikoni chenye mpini wa plastiki ya buluu, ule usiobadilika rangi hata ukiushika miaka mia, akajikatia kipande, akala peke yake.