Komeo la Bunduki Fupi

Gaylon Pruitt aliposikia kwamba Verlin Tackett amemgawa mbwa wake, alizima tochi ya kuchomelea, akaacha geti la watu limesimama nusu, na siku hiyo hakulirudia tena. Mbwa mwenyewe alikuwa Pepper, jike la kuwindia nguruwe pori, na Verlin alikuwa hamwazimi mtu yeyote hata kwa dawa. Sasa amempa mleta barua. Hakumuuza. Kampa tu, na sahani yake ya chakula juu.

Gaylon hakuhitaji kuambiwa zaidi. Tangu Verlin amzike mkewe Oleta mwezi wa tatu, mambo yalikuwa yanakwenda kombo kimyakimya. Kanisani haonekani. Nguruwe wanafukua chini ya mipekani yake, miti yake ya njugu, mchana kweupe, msimu wa kuvuna umekaribia, na yeye anawatazama kutoka barazani kana kwamba shamba ni la mtu mwingine. Ukimuuliza hali, anakwambia mzima. Huyu mzima wa kusini mwa Oklahoma ni balaa, maana mtu atakwambia ni mzima huku nyumba inamwungulia.

Basi Gaylon aliwasha pikapu akaenda kuzichukua bunduki.

Kule kwao hilo ni jambo linalojulikana, ingawa hakuna anayelisema kwa sauti. Mtu akipita kwenye kipindi kibaya, rafiki yake huja na gari, hupakia silaha zote, akakaa nazo kwake mpaka upepo utulie. Hapaulizwi mengi. Gaylon mwenyewe aliwahi kufanyiwa hivyo, mwaka ule mke wake wa kwanza alipoondoka na yeye akawa anakunywa kuanzia asubuhi. Aliyekuja alikuwa Verlin. Alisomba kila kitu, hata manati ya mtoto, akasema hamwamini mlevi na mpira. Gaylon alimtukana siku ile, na tangu hapo angempa Verlin figo kama angeiomba.

Alimkuta Verlin jikoni, amevaa vizuri, amenyoa, na hilo likamtisha kuliko angemkuta mchafu. Hakuzunguka.

"Nimekuja kuchukua bunduki, Verlin."

Verlin akacheka kidogo, akasema alikuwa anajiuliza ni nani atakayetumwa. Gaylon akamjibu kwamba hajatumwa na mtu, amekuja kwa miguu yake na petroli yake. Wakafungua kabati la chuma wakaanza kutoa: bunduki za kulungu, za bata, ile ya babu yake Verlin yenye kitako kilichofungwa waya, na bastola. Verlin alisaidia kubeba. Alizifunga kwenye mablanketi kwa mikono iliyotulia, akakumbusha ipi haitaki kulazwa upande wa kushoto. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye bunduki fupi.

"Hiyo haiendi," Verlin alisema.

Bunduki hiyo ina hadithi yake. Verlin aliitengeneza baada ya bega lake kuharibika, apate kitu chepesi cha kupigia nguruwe kutoka ndani ya trekta bila kugonga kila kioo. Mtutu wake ni mfupi kuliko sheria inavyomruhusu mtu wa kawaida, kwa hiyo ilibidi aombe serikali kuu, apeleke alama za vidole na picha, asubiri hadi akate tamaa. Kibali kilipofika alipita akiwatania watu kwamba serikali inavijua vidole vyake kuliko daktari.

Lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa kwenye risasi. Alichukua maganda ya risasi za kawaida za jeshi, akayakata yakawa mafupi, akayatia vichwa vinene. Ukiweka kichwa kizito, inakwenda taratibu, na ukifunga kiziba sauti unasikia kama mtu kafunga mlango wa friji. Ukiweka kichwa chepesi, inakimbia na kumlaza nguruwe ng'ambo ya shamba. Mtutu mfupi hauipunguzii kitu, maana baruti yake huungua yote mapema. Na haikudai bunduki mpya. Verlin alikuwa akimshika mtu shati kumweleza hilo: unabadilisha mtutu tu, vingine vyote ni vilevile vya bunduki ya kawaida. Oleta ndiye aliyekuwa akipima baruti, kwa sababu macho yake yalikuwa makali na mkono hautetemeki. Majira mawili ya joto wale wawili walikaa kwenye kibanda cha nyuma wakijaribu hiki na kile, wakigombana kama vijana waliooana jana, wakitoka kupiga shabaha na kurudi kugombana upya. Sijui watu wangapi wenye umri ule bado wana kitu cha kugombania kwa furaha namna hiyo.

"Verlin, nimekuja kuchukua zote."

"Haiendi, bwana. Imeandikwa jina langu peke yangu. Ukikutwa nayo mimi sipo, utaozea jela ya serikali kuu, na mkeo Neva atanilaani mpaka kaburini."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Sheria haichezi na bunduki ile. Inaweza kwenda popote jimboni ikiwa na mwenyewe, lakini rafiki hawezi kukaa nayo, awe na nia njema kiasi gani. Gaylon alisimama pale akijiona mjinga. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kwa ngumi. Kwa sheria hakujiandaa.

Mwisho akapata akili. Akamwambia basi bunduki ibaki, ampe komeo lake. Komeo ni kile kipande cha chuma cha kujaa kiganjani kinachoisukuma risasi ndani ya mtutu na kuifungia humo. Bila komeo, bunduki ni bomba. Na komeo peke yake halina kibali wala jina la mtu.

Verlin akaifungua bunduki, akalitoa, akalifuta mafuta kwa kitambaa, akampa. Hakubisha hata kidogo. Akamwambia amsalimie Neva.

Gaylon aliondoka amefurahi. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe halisemi: alifurahi, akajiona mjanja, akajiona amelipa deni la zamani. Alipofika mkahawa wa darajani akasimama, akaagiza kahawa na kipande cha pai. Akala taratibu. Akaongeza kahawa.

Lile komeo alikuwa ameliweka mezani kando ya kikombe, asiliache garini likapata vumbi. Mzee mmoja wa meza ya pili, mfuga ng'ombe, akaliona na kuuliza ni la bunduki gani.

"La ile fupi ya Verlin," Gaylon akasema, na kwa kuwa alikuwa na furaha akataka kueleza. "Ila linaingia bunduki yoyote ya aina hii. Hata ile ya Oleta..."

Hakumaliza. Oleta alikuwa na bunduki yake, nyeusi, ya kawaida, ambayo Verlin alimuundia siku ya kuzaliwa. Gaylon alirudia kichwani kila blanketi walilopakia. Haikuwemo. Haikuwemo hata kabatini. Na Verlin, mtu aliyemchosha kila mmoja wilayani kwa kueleza kwamba ni mtutu tu unaobadilika, hakuwa amesahau kwamba komeo la bunduki ile linaingia kwenye fupi.

Gaylon alinyakua komeo, akalitia mfukoni, akaacha kahawa na mlango wazi. Njiani alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Aliendesha pikapu ile kwa namna ambayo hata akiwa kijana mlevi hakuwahi, bunduki zikigongana nyuma, na alikuwa akisema kwa sauti, nisubiri, nisubiri, kama mtu aliyeachwa na basi.

Hakwenda mlango wa mbele. Alizunguka moja kwa moja kibandani.

Verlin alikuwa amekaa kwenye kiti cha Oleta. Bunduki ya Oleta ilikuwa mezani, wazi, haina komeo. Ile fupi ilikuwa mapajani mwake. Mkono wake ulikuwa juu yake tu, umetulia, kama anavyoshika mtu paka.

Gaylon aliikaribia pole pole, akaishika, akaiondoa. Verlin hakumzuia. Gaylon akachomoa magazini ya risasi, akatoa komeo, akalitia mfukoni. Akaketi sakafuni kwenye vumbi la shaba la yale maganda.

Halafu akauliza lile ambalo kule kwao halikuwa likiulizwa na mtu.

"Ulitaka kujiua?"

"Ndiyo."

"Bado unataka?"

Verlin alikuwa mkweli hata kwa hilo. "Sijui. Saa hizi sijui."

Nje nguruwe walikuwa wakiguna kwenye mipekani, na hakuna aliyegeuza shingo. Gaylon akamuuliza amekaa hapo tangu lini, akaambiwa tangu gari lake lilipotoka getini. Akauliza kwa nini basi hakufanya.

"Nilikuwa nakungoja ukumbuke," Verlin akasema. "Nilijiambia, Gaylon si mjinga, akifika darajani atakumbuka la Oleta na atageuza. Nikapiga hesabu ya kwenda na kurudi. Ikapita. Nikasema labda lori limeziba njia. Nikakupa muda mwingine."

"Nilikuwa nakula pai," Gaylon alisema.

Hakukusudia kulisema. Lilimtoka, na baada yake yakatoka machozi, kwa kelele mbaya ya mtu asiyezoea. Verlin akainuka kwenye kile kiti, akamwinamia, akamwekea mkono kichwani, akasema ya kule darajani ni pai nzuri, asingemlaumu mtu.

Gaylon alipopata sauti alimwambia aende akachukue nguo. Verlin akauliza nguo za nini. Akaambiwa anakwenda kukaa kwake na Neva. Akabisha kwamba bunduki nyingine zote sasa zimechukuliwa na makomeo yote mawili yamo mfukoni mwa mtu, kwa hiyo hakuna haja.

"Makomeo yanauzwa duka lolote la mjini," Gaylon alisema. "Kesho unanunua lingine. Nitakusanya chuma mpaka lini? Panda gari. Na hiyo fupi yako ije na mwenyewe, maana sheria unaipenda."

"Shemeji atasemaje?"

"Neva atakwambia uvue viatu mlangoni. Basi."

Alichukua muda kupata nguo, na Gaylon alisimama mlangoni mwa chumba muda wote bila kuona haya. Upande wa Oleta wa kabati ulikuwa bado umejaa. Verlin alisimama mbele ya magauni yale, akagusa moja, akasema kila asubuhi anaamka akiwa na kitu cha kumwambia na kila asubuhi inambidi ajue upya. Gaylon akamwambia kuanzia kesho asubuhi amwambie yeye, hata kama ni habari za baruti.

Kwenye pikapu Gaylon alijaribu ufunguo mara tatu na haukuingia. Verlin akamtazama akihangaika, kisha akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea huko," akasema. "Utatuua sote."

Akaendesha yeye, polepole, akilaumu klachi, na ile bunduki fupi, bomba tu sasa, imelala kati yao. Walipopita daraja Gaylon alimuuliza kama atamwahidi kitu. Verlin akasema hawezi kuahidi, asimdanganye. Anachoweza ni kumwambia.

"Wazo hilo likinijia tena, nitakwambia kabla sijakaa chini."

"Hata usiku."

"Hata usiku."

Gaylon akasema mlango wa chumba chake na Neva hautafungwa. Kisha akageuza uso dirishani, kwa sababu hofu ilikuwa haijamtoka, na alijua itakaa naye ndani ya nyumba ile muda wote mgeni wake atakapokuwamo, na pengine baada ya hapo.