Bwana Saa Tatu na Vipimo vya Kiangazi

Bwana Saa Tatu alifariki Jumanne, tarehe nne, na Jumatano akapima mto kama kawaida: sentimita mia moja na kumi na mbili. Alhamisi, siku aliyozikwa, alipima tena: mia moja na kumi na moja. Ijumaa mto ukarudi kwenye mia moja na kumi na mbili, labda kwa heshima.

Aliyeyagundua hayo ni binti yake, akiwa mezani kwake katika idara ya utafiti wa maji, daftari la marehemu mkono wa kushoto, kompyuta mkono wa kulia. Kazi yake ilikuwa kuingiza vipimo vya mito yote kwenye kompyuta, ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Takwimu. Alishuka mstari kwa mstari mpaka akafika leo, tarehe ishirini na moja. Akaendelea. Kesho ilikuwa imeshapimwa. Kesho kutwa pia. Ukurasa ulijaa hadi tarehe thelathini, kwa mwandiko safi, na mistari imepigwa kwa rula.

Alingoja aone atahisi nini. Hakikuja kitu. Tangu msibani alikuwa hivyo. Watu walimpa pole, naye akashukuru kama mtu aliyepokea barua ya jirani kwa makosa.

Dereva wa idara, ambaye ndiye aliyelileta daftari kutoka kwenye kibanda cha darajani, alichungulia mlangoni. "Vipi, Takwimu? Mbona unaliangalia daftari kana kwamba limekutukana?"

"Baba amepima mpaka tarehe thelathini."

Dereva alihesabu kwa vidole, akakwama kidole cha nne. "Duh," alisema. "Mzee alikuwa na bidii."

Bidii ya mzee ilijulikana. Kwa miaka thelathini na moja, kila asubuhi saa tatu kamili, alikwenda darajani kwenye ubao wa vipimo, ule wenye namba uliosimamishwa majini, akasoma namba ambayo maji yameigusa, akaiandika. Mtaa mzima ulirekebisha saa kwa kumwona akipita. Kesho ilikuwa siku ya elimu ya maji kwa umma. Idara ingetundika darajani bango lenye grafu ya miaka hiyo yote, bila pengo la hata siku moja, na Takwimu angepokea cheti kwa niaba ya marehemu. Kisha Mkuu wa idara angetangaza kwamba, kwa kuwa mto haujawahi kushuka chini ya sentimita mia moja na kumi, mji unaweza kuongeza pampu ya pili ya kuvuta maji bila wasiwasi.

Takwimu alishusha madaftari ya zamani kutoka kabatini. Namba za masika zilirukaruka inavyotakiwa: mia mbili na nane, mia tatu na arobaini. Lakini za kiangazi, miaka tisa ya mwisho, zilikuwa zimetulia tuli: mia moja na kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili. Mto wenye nidhamu namna hiyo haujapata kuonekana duniani. Hata maji ya ndooni hupungua.

Mchana alikwenda kwa mama yake. Alimkuta akikunja mashati ya marehemu na kuyapanga sandukuni.

"Mama, kiangazi baba alikuwa anashuka zile ngazi za darajani?"

"Kwa goti lipi?" Mama hakuinua uso. "Lile goti lilizikataa ngazi miaka tisa iliyopita. Masika maji yanapanda, anayasoma akiwa juu darajani, amesimama kama waziri. Kiangazi yanajificha huko chini. Basi akawa anaketi hapo ulipo, tarehe mosi, anaujaza mwezi."

"Mwezi mzima?"

"Na chai yake pembeni. Saa tatu anatoka, anafika darajani, anausalimia mto, anarudi. Alisema mto ukiwa mdogo ni mdogo tu, nani atagombana nao?"

"Mji mzima utagombana nao, mama. Wanataka kuongeza pampu."

Mama alikunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Kesho wanalitaja jina lake mbele ya watu, mwanangu. Hicho ndicho kilichobaki. Usinitie aibu."

"Nimesikia."

"Sikukuuliza kama umesikia."

Takwimu alirudi ofisini akamweleza Mkuu, ambaye alisikiliza huku amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama. Na Dereva, kidogo."

"Mama si mtafiti, na Dereva hajui anachokijua. Basi kisayansi jambo hili bado halijagunduliwa." Mkuu alifumbua macho. "Dada yangu, bango limeshachapishwa. Wanafunzi mia mbili wanakuja. Tutarekebisha baadaye, taratibu, kitaalamu."

"Na pampu?"

"Cheti kina jina la baba yako, si langu," alisema Mkuu. "Mimi ninakuonea huruma wewe."

Takwimu aliipokea huruma hiyo, akaiweka pamoja na nyingine alizopewa mwezi huo. Halafu akachukua mkasi na karatasi nyeupe.

Asubuhi daraja lilijaa: viti vya plastiki, wanafunzi, kina mama wa mtaani waliokuja na ndoo zao endapo elimu hiyo ingetolewa pamoja na maji yenyewe. Mkuu alieleza kwamba haidrolojia ni sayansi ya kuyafuata maji popote yaendapo, na wanafunzi wakapiga makofi, hasa kwa sababu alikuwa ametua kupumua. Takwimu akaitwa, akapewa cheti, akapewa kipaza sauti.

"Maneno mawili," Mkuu alimnong'oneza. "Na mawili ni mawili."

Mama alikuwa kiti cha mbele, mikono mapajani.

"Vipimo vya kiangazi vya miaka tisa havikupimwa," alisema Takwimu. Kipaza sauti kilipiga mluzi. "Baba yangu alikuwa na goti bovu, akaviandika nyumbani. Vya masika ni vya kweli. Na miaka ishirini na miwili ya mwanzo, alishuka."

Alitoa vipande tisa vya karatasi, akavibandika juu ya mabonde tisa ya mwisho ya grafu. Bango likabaki kama mdomo uliong'olewa meno.

Mama mmoja mwenye ndoo alisimama. "Kwa hiyo kiangazi mto una maji kiasi gani?"

"Hatujui."

"Hamjui? Na nyie ndio idara?"

Watu walicheka. Mkuu alianza, "Haidrolojia..." akaishia hapo.

"Cha leo tunaweza kukijua," alisema Takwimu.

Alivua viatu, akavishika mkononi, akashuka ngazi zote hadi majini. Ubao ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Akausugua kwa soli ya kiatu mpaka namba zikatoka. Maji yalikuwa baridi. Hilo alilihisi.

"Ngapi?" wanafunzi walipiga kelele kutoka juu.

"Sabini na tatu!"

Mkuu aliikunja karatasi yenye tangazo la pampu, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Wanafunzi wakaanza kushuka wawili wawili kujisomea wenyewe. Mmoja alisoma sabini na mbili, akabishana na wenzake mpaka suruali ikalowa hadi magotini.

Mama alishuka wa mwisho, akishikilia ukuta. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho iliyo kavu.

"Umenitia aibu."

"Ndiyo, mama."

"Yeye alisema ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili. Amekosea kwa sentimita thelathini na tisa."

Mama aliugeukia ubao. Juu walikuwa wameanza kukusanya viti.

"Inaangaliwa wapi?"

"Pale maji yanapougusa ubao."

Mama aliinama, akakodoa macho muda mrefu, kama asomaye barua ya serikali.

"Sabini na tatu," alisema, akageuka na kuanza kupanda.